"Usiku wa Ijumaa" ni usiku gani? Siku yangu ya mwanzo kukaa mahkamani (Pemba)

BintiMkoani (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Shauri lenyewe limeshakwisha, hukumu imesomwa na muda wa rufaa umepita, ndiyo maana leo nimepata moyo. Majina sitaji, mahkama sitaji, kijiji sitaji. Jueni tu ni mahkama ya wilaya, Pemba, na kesi ya karafuu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria, nimewekwa kwa wakili mmoja mtu mzima nijifunze kazi. Kazi yenyewe wiki mbili za mwanzo ilikuwa kutoa kopi na kupeleka bahasha. Siku moja akaniambia, "Kesho vaa nyeusi, unakwenda kukaa mahkamani. Usiseme kitu, andika tu."

Nikafika saa mbili kasoro. Chini ya mwembe pana baraza ya saruji, watu wamekaa, nami nikakaa. Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, buibui limepauka mabegani, akanisogezea nafasi, akaniuliza natoka wapi, mtoto wa nani. Tukazungumza bei ya samaki na mvua. Akaniuliza, "Nawe shahidi?" Nikasema hapana, mie niko na wakili. Akanitazama juu mpaka chini, akasogea kidogo. Karani akatoka mbio: "Wewe dada wa nyeusi! Hapo pa mashahidi wa upande wa mashtaka, ondoka!" Kumbe bibi yule ndiye shahidi wa pili dhidi ya mteja wetu. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo katika taaluma, kabla hata sijaingia mlangoni.

Ndani. Chumba kidogo, feni moja inafanya kelele kuliko upepo. Nilidhani tutaanza na kesi yetu. Wapi! Kwanza zikasomwa kesi za kutajwa, moja baada ya nyingine, dakika mbili mbili. Upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine. Shahidi hakufika, tarehe nyingine. Kijana mmoja kapewa dhamana, mdhamini wake ana kitambulisho cha Mzanzibari lakini barua ya sheha, yaani mkuu wa mtaa wake, hana, kaambiwa akaitafute. Kijana karudishwa kukaa chini, mama yake anatoka mbio na viatu mkononi kumfuata sheha kabla gari ya Chuo cha Mafunzo haijaondoka. Chuoni wametufundisha dhamana ni haki ya mshtakiwa. Hawakutufundisha kwamba haki hiyo siku nyengine iko mfukoni mwa sheha aliyekwenda mazikoni.

Saa nne na nusu ndo tukaitwa.

Shtaka: wizi wa gunia mbili za karafuu kavu. Shahidi wa kwanza, mwenye mali, alikwishasema kikao cha nyuma, nami nilisoma maelezo yake kwenye faili: aliziingiza karafuu ukumbini Alkhamisi jioni, kaamka sala ya Alfajiri hazipo, na asubuhi ileile ya Ijumaa akenda polisi.

Akaitwa bibi yangu wa barazani. Akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa wallahi, billahi, tallahi, sauti haitetemeki. Mwendesha mashtaka akamuuliza alichokiona. Akasema: usiku wa Ijumaa, kiasi cha saa nne, alikuwa anarudi kwake, akamuona mshtakiwa anasukuma baiskeli ina gunia nyuma. Anamjua tangu anatambaa.

Hakimu alikuwa anaandika kwa mkono, na kwa Kiingereza. Bibi anasema Kipemba, kalamu inasema Kiingereza, na katikati hapana mtu. Mie nimekaa nyuma ya mkubwa wangu, nami naandika. Nikaandika "usiku wa Ijumaa" bila kuwaza, maana kwetu nimelisikia neno hilo tangu mdogo.

Mkubwa wangu akasimama. Sauti ya upole kabisa.

"Bi, shikamoo."
"Marahaba, mwanangu."
"Umeiambia mahkama hii kwamba ulimuona Ijumaa usiku. Sivyo?"
"Naam. Usiku wa Ijumaa."
"Ijumaa?"
"Ijumaa."
"Si Jumamosi, si Alkhamisi."
"Ijumaa, mwanangu. Mie si mwongo."
"Basi Bi, mwenye karafuu kasema ziliibiwa Alkhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi alikwishafika polisi. Huyu uliyemuona Ijumaa usiku, kabeba karafuu za nani?"

Watu nyuma wakaguna. Bibi akanyamaza. Akatazama huku na huku kama mtu aliyepotezwa njia kwenye kijiji chake mwenyewe.

Mie mikono ikafa ganzi. Nataka wasomaji wa Zanzibar waniambie kama na nyinyi mmelifahamu, halafu nitaendelea.

---

Pakacha_la_Nazi

Khaa! Nimelifahamu wallahi. Usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi baada ya Magharibi! Nani asiyejua?

---

MtotoWaTanga

Hata huku kwetu wazee wanasema hivyo. Jua likizama siku imekwisha, usiku unaofuata ni wa kesho. Ndiyo maana Ramadhani tarawehe tunaanza kusali usiku kabla hatujafunga hata siku moja.

---

Nyasa_Boy

Samahani wakuu, mimi wa Songea. Usiku wa Ijumaa si Ijumaa usiku? Mbona mnanichanganya?

---

Pakacha_la_Nazi

@Nyasa_Boy sivyo kaka. "Ijumaa usiku" ndiyo hiyo yako, watu wameshasali Ijumaa mchana wake, usiku wanatazama mpira. "Usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia, nyinyi mnauita usiku wa kuamkia Ijumaa. Maneno mawili yaleyale, ukiyageuza umeruka siku nzima.

---

Nyasa_Boy

Duh. Kwa hiyo wakili aliyageuza makusudi?

---

BintiMkoani

Ndilo swali langu la usiku na mchana. Mkubwa wangu ni mtu wa Pemba, kazaliwa Pemba, mama yake hai. Hawezi kuwa hajui.

Naendelea. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana kama mie, hajapishana nami miaka mitatu. Hapo ndipo pake pa kusimama tena amuulize shahidi wake swali moja tu la kuweka sawa. Akafungua karatasi, akafunga. "Mheshimiwa, sina swali la ziada." Nilitaka kumrushia kalamu. Halafu nikakumbuka niko upande gani.

Bibi akaanza kushuka. Hakimu, ambaye tangu asubuhi hajainua kichwa, akaweka kalamu chini.

"Bi, subiri kidogo. Usiku huo ulikuwa unatoka wapi?"
"Kwa jirani, Mheshimiwa. Tulikuwa tunasoma Yasini."
"Yasini ya maiti?"
"La! Yasini yetu ya kila wiki, ya usiku wa Ijumaa. Na kutwa yake n'lifunga, sunna, ndo nikachelewa, maana tulifuturu palepale."
"Na kulipokucha ukafanya nini?"
"Nikapasi kanzu ya mjukuu wangu, aende msikitini kusali Ijumaa."

Nyuma watu wakacheka, kicheko cha kupumua. Hakimu akaokota kalamu, akaandika kwa muda mrefu. Sikuona alichoandika. Mkubwa wangu naye alikuwa anatabasamu, si tabasamu la mtu aliyeshindwa, ni kama mtu aliyecheza bao akaliwa kete akasema haya, mchezo mzuri.

---

Joho_Jeusi

Msomi mwenzangu BintiMkoani, pole na hongera. Miaka 14 niko kwenye kazi hii, Unguja na Pemba, niruhusu nisaidie palipo na mkanganyo.

Kwanza hakimu hakufanya lolote la ajabu. Sheria ya ushahidi inampa mamlaka ya kumuuliza shahidi swali lolote wakati wowote ili apate ukweli. Wengi hawatumii kwa sababu wamechoka au wanaogopa kuonekana wanaegemea. Huyo wako alikuwa anasikiliza kweli, ingawa anaandika.

Pili, mkubwa wako. Kazi ya wakili wa utetezi ni kuutikisa ushahidi. Hakuleta shahidi wa uongo, hakughushi hati. Kauliza swali, shahidi kajibu. Mwendesha mashtaka kalala, hiyo ni shauri yake. Mie binafsi nisingeuliza vile, lakini siwezi kusimama hapa nikasema kavunja kanuni.

Tatu, na hili nakuonya wewe: ulikaa na shahidi wa upande wa pili ukapiga soga. Mshukuru karani.

---

Bi_Makonyo

Joho_Jeusi kaka yangu, hapo pa pili hunipati. Mtu akijua kwamba shahidi amesema Alkhamisi, akamgeuzia neno ili aonekane kasema Ijumaa, huyo kamzulia. Usinambie kauliza tu. Mama yangu ni mzee, akisimama pale akafanyiwa vile mbele ya kijiji kizima, atarudi nyumbani augue. Na watu watasema "yule bibi aliyesema uongo mahkamani". Pemba ndogo hii.

---

Joho_Jeusi

Bi_Makonyo, nakuelewa. Lakini na mshtakiwa naye ana mama. Akifungwa kwa sababu wakili wake aliona haya kuuliza swali gumu, utamwambia nini huyo mama wa pili?

---

Bi_Makonyo

Swali gumu na swali la hila ni vitu viwili.

---

MtuWaKizimbani

Mie natoka Kizimbani, Unguja, kwetu kila mtu ni mshtakiwa tangu azaliwe 😂 Naendelea kusoma.

---

Nyasa_Boy

Swali la pembeni: "gari ya Chuo cha Mafunzo" ndo nini? VETA?

---

MtuWaKizimbani

Hahahaa. Kaka, Zanzibar jela inaitwa Chuo cha Mafunzo. Ukisikia mtu "kapelekwa Chuo cha Mafunzo Kilimani" usimpe hongera.

---

Nyasa_Boy

😳 Nilishampa mtu hongera mwaka juzi.

Ila la Kiingereza ndo linanishangaza. Huku bara mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Nyinyi ndio wenye Kiswahili chenyewe, mbona hakimu anaandika Kiingereza?

---

Joho_Jeusi

Kwa sababu mabadiliko yale ni ya sheria za bara. Mahkama si jambo la Muungano, isipokuwa Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake, Jaji Mkuu wake, mahkama za kadhi zake, na sheria zake za mwenendo na ushahidi. Na hata Mahkama ya Rufani haisikilizi kila kitu kutoka huku, mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar hayafiki kwake.

Kuhusu kuandika, hakimu anaona Mahkama Kuu juu yake, na huko lugha iliyozoeleka ya kumbukumbu ni Kiingereza. Basi anatafsiri hapohapo, mkono wake ndio mkalimani. Wengi wanafanya vizuri ajabu. Lakini mkono unachoka ikifika saa sita, na Kiingereza hakina usiku wa Ijumaa.

---

MzeeWaBaraza1951

Nimesoma yote nimecheka nimesikitika. Mwanangu BintiMkoani, nyinyi mnagombana wakili kauliza vipi. Mie nimekulia zama wakili hayumo kabisa. Mahkama za Wananchi, zilizoanzishwa kwa amri ya 1969, walikaa watu watatu, hawakusomea sheria, na mtu haruhusiwi kuja na wakili. Unasimama mwenyewe na Mungu wako. Hata kesi kubwa ya uhaini baada ya kuuawa Mzee Karume, Aprili 1972, washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Mpaka katikati ya miaka ya themanini ndo mambo yakageuka, mahkama zikarudi kwa mahakimu na mawakili.

Nilimsindikiza ami yangu kwenye kesi ya mpaka wa shamba, nina miaka 22. Lugha ilikuwa Kiswahili tupu, kila mtu anafahamu. Usiku wa Ijumaa pale usingempotea mtu. Lakini ami yangu alikatwa kauli mara tano, na hapakuwa na mtu wa kusimama kusema muacheni amalize. Shamba likenda. Kwa hivyo mie nikimuona wakili anamsumbua shahidi, roho inaniuma, lakini simtaki aondoke.

---

Bi_Makonyo

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu.

---

Pakacha_la_Nazi

BintiMkoani utuambie sasa, ulimuuliza mkubwa wako au ulinyamaza?

---

BintiMkoani

Shikamoo Mzee wangu, ahsante kwa hilo la ami yako. Nimelisoma mara mbili.

Nilimuuliza. Garini, tunarudi. Nilikaa kimya mpaka tukapita njia panda, ndo nikasema, "Mkubwa, bibi alisema usiku wa Ijumaa, hakusema Ijumaa usiku." Akaniambia, "Najua." Basi. Akabadilisha gia. Baada ya muda akaongeza, "Mie nilimtajia Ijumaa usiku mara moja. Alikuwa na nafasi ya kunisahihisha. Na yule kijana wa serikali alikuwa na nafasi mbili."

Nikamwambia bibi hakujua kama kuna cha kusahihisha, kwake maneno ni yaleyale, na yeye alipojibu alilirudisha neno lake sawasawa. Akasema, "Ungekuwa wewe ungeuliza nini?"

Hapo ndipo kwenye funzo langu, kama kuna funzo. Nikajibu bila kufikiri: taa. Saa nne ya usiku, njia ya kijijini, miti imefunga, hana hata tochi, yeye mwenyewe kasema alikuwa anapapasa njia. Kamuona vipi? Umbali gani? Kwa muda gani? Gunia lina karafuu au lina majani ya ng'ombe? Akanitazama. "Niliuliza maswali mawili ya taa," akasema. Kweli, aliuliza, mwisho mwisho, harakaharaka, kabla hajakaa. Sie wote tulikuwa bado tunasikia ile Ijumaa.

Hakunijibu tena. Ila kikao kilichofuata alinipa faili nitayarishe hoja za mwisho, na kichwa cha karatasi aliniandikia neno moja kwa wino mwekundu: TAA.

---

Joho_Jeusi

Huyo ni mwalimu. Simtetei, lakini ni mwalimu.

Na kwa wanafunzi wa sheria mnaosoma uzi huu kimyakimya: katafuteni *Waziri Amani dhidi ya Jamhuri*, Mahkama ya Rufani, 1980. Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa. Mahkama iulize mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, kuna kilichomkinga. Na shahidi kumjua mtu tangu anatambaa hakuwashi taa.

---

Pakacha_la_Nazi

Hukumu je? Usituache hewani.

---

BintiMkoani

Miezi minane baadaye. Mshtakiwa aliachiwa huru. Hakimu alisoma taratibu, kwa Kiswahili safari hii, maana watu walikuwa wengi. Akasema shahidi wa pili ni mkweli, hana sababu ya kumsingizia mtu, na siku aliyoisema ndiyo siku ya tukio. Lakini mkweli naye macho yake yanaweza kumkosea gizani, na upande wa mashtaka haukuleta chochote kuhusu mwanga, wala gunia halikupatikana. Kwa hiyo ile Ijumaa yote haikubadilisha kitu kwenye matokeo. Tulimtoa bibi jasho bure.

Jambo moja sikulisema mwanzo, kwa haya. Siku ile ya ushahidi, tulipotoka, bibi alikuwa barazani palepale, anauliza watu nauli yake ya kurudi atarudishiwa na nani. Nikatia mkono mkobani nimpe elfu mbili. Mkubwa wangu akaniita kwa jina langu kamili, ambalo halitumii kamwe. Nikauondoa mkono mtupu. Garini hakunigombeza, alisema tu, "Shahidi wao. Hela yetu. Fikiri."

---

Joho_Jeusi

Ya Rabbi! Dada, hapo ungefungiwa kazi kabla hujaapishwa. Hata kama nia yako sadaka.

---

BintiMkoani

Najua, kaka. Sasa najua.

---

Bi_Makonyo

Na bibi mwenyewe hukumu aliisikia? Alijua kama hakuitwa mwongo?

---

BintiMkoani

Siku ya hukumu hakuja, magoti. Alikuja mjukuu wake, kijana wa kanzu, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Mahkama ilipoinuka akanifuata, salamu, kisha akasema, "Bibi kaniambia nisirudi mpaka nimeuliza. Wameandika Alkhamisi au wameandika Ijumaa?"

Nikamwambia wameandika Alkhamisi.

Akasema ahsante, akenda kutafuta gari.